Maji ya Mito na Maziwa: Somo juu ya Kichocho na Maradhi Yaingiayo kwa Kuogelea

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji yakawa uhai wa viumbe na tahara ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baad:

Kuogelea ni katika michezo isiyolaumiwa. Imepokewa kuwa kujifunza kuogelea ni miongoni mwa mambo machache ya mchezo yasiyohisabiwa upuuzi, kwani humpa mtu nguvu za mwili na humfaa siku ya kuzama chombo. Watu wa pwani hawana haja ya kuusiwa juu ya jambo hili, maana mtoto wao huijua bahari kabla hajajua kusoma. Lakini bahari ni kitu kimoja, na mto, ziwa, bwawa na kidimbwi ni kitu kingine. Maji ya chumvi yana khatari zake zijulikanazo, nazo ni mawimbi na mikondo na samaki wakali. Maji matamu yana khatari isiyoonekana kwa macho: mtu aweza kutoka ndani yake akicheka na wenziwe, naye amekwisha kumbeba mgeni atakayekaa mwilini mwake miaka mingi.

Somo hili limekusudiwa kueleza maradhi hayo, namna yaingiavyo, alama zake na dawa yake, na yale yapasayo kufanywa na baba, na mwalimu wa chuo, na mzee wa mtaa. Limegawanywa mafungu matano, kisha maswali na majibu yake, kisha khatima.

FUNGU LA KWANZA
Kichocho ni maradhi gani

Kichocho ni maradhi ya mnyoo. Si uchawi, wala si jicho la hasidi, wala si alama ya kijana kuwa mtu mzima. Katika nchi nyingi ambako maradhi haya yameenea, watoto wa kiume waliokojoa damu walikuwa wengi hata watu wakadhani kuwa ni desturi ya maumbile, wala hawakuwapeleka kwa tabibu. Dhana hii imewadhuru watu wengi kuliko mnyoo wenyewe, kwani mwenye kuyaona maradhi kuwa si maradhi hatafuti dawa.

Maradhi haya ni ya kale. Katika mwaka 1910 tabibu aitwaye Marc Armand Ruffer alizipima figo za maiti wa Misri waliohifadhiwa tangu zama za Mafirauni, akaona ndani yake mayai ya mnyoo huu, na maiti wale wamepitiwa na miaka zaidi ya 3000. Lakini mnyoo wenyewe haukujulikana mpaka mwaka 1851, alipouona tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, katika mishipa ya maiti aliyempasua katika hospitali ya Qasr al-Ayni, Kairo. Kwa jina lake maradhi yakaitwa bilharzia.

Ikapita zaidi ya miaka 60 wala hapana aliyejua kwa yakini mnyoo huo huingiaje. Katika mwaka 1913 wanavyuoni wawili wa Japani, Miyairi na Suzuki, walidhihirisha kuwa jamaa wa mnyoo huo apatikanaye nchini mwao hukulia ndani ya konokono wa majini. Na katika mwaka 1915 Robert Leiper, Mwingereza, akadhihirisha huko Misri kuwa mnyoo wa Misri nao ni vivyo hivyo. Tangu siku hizo ikajulikana: pasipo konokono hapana kichocho, na pasipo mtu aliyetia uchafu wake majini, konokono naye hana la kumpa mtu.

Katika Afrika ya Mashariki ziko namna mbili za kichocho. Namna ya kwanza ni kichocho cha mkojo, nacho hukaa katika mishipa ya kibofu. Hiki ndicho cha pwani, na ndicho cha Unguja na Pemba. Namna ya pili ni kichocho cha tumbo, nacho hukaa katika mishipa ya matumbo na kudhuru ini. Hiki kimeenea sana kandokando ya Ziwa Viktoria. Shirika la Afya la Ulimwengu limehisabu kuwa katika mwaka 2021 watu waliohitaji dawa ya kuwakinga na kichocho duniani walikuwa zaidi ya milioni 251, na walio wengi mno katika hao ni watu wa Afrika.

FUNGU LA PILI
Safari ya mnyoo

Anayetaka kujikinga na adui sharti aijue njia yake. Safari ya kichocho ina vituo vitano, na kila kimoja kikivunjwa safari nzima hukatika.

Kituo cha kwanza: mtu mgonjwa hukojoa, au huenda haja kubwa, majini au kando ya maji, na mvua ikauchukua ule uchafu ikautia majini. Ndani ya uchafu mna mayai ya mnyoo.

Kituo cha pili: yai likifika katika maji matamu hupasuka, akatoka mdudu mdogo mno aogeleaye akimtafuta konokono. Asipompata kwa muda wa siku moja au kitu kama hicho, hufa.

Kituo cha tatu: akimpata konokono wa namna imfaayo huingia ndani yake, na huko huzidi na kuzidi kwa muda wa majuma kadhaa. Mdudu mmoja aliyeingia hutoka maelfu.

Kituo cha nne: viluwiluwi wenye mkia wa panda hutoka katika konokono na kuogelea majini. Wale wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri, na saa hiyo ndiyo watoto hukimbilia kuoga baada ya mchezo wa mpira. Kiluwiluwi huyu huishi siku moja au mbili tu, lakini muda huo wamtosha.

Kituo cha tano: mtu akiingia majini, ijapokuwa miguu tu, kiluwiluwi hujibandika katika ngozi yake, akauacha mkia wake nje, akapenya ndani kwa dakika chache. Hahitaji kidonda wala mdomo. Ngozi nzima isiyo na mkwaruzo humtosha kuwa mlango. Kisha huchukuliwa na damu, akapita mapafuni, akafika katika ini, akakua. Baada ya majuma kadhaa dume na jike huoana na kwenda kukaa katika mishipa yao, na jike hutaga mayai kila siku. Jozi moja huishi miaka mitatu au mitano, na pengine miaka mingi zaidi.

Basi aizingatie jambo hili kila mwenye akili: anayekojoa bwawani leo hawadhuru wengine tu. Kesho atarudi kuoga mahali pale pale, na mnyoo aliomtoa utamrudia yeye na nduguye na mwanawe.

FUNGU LA TATU
Alama zake na madhara yake

Mara nyingi mtu haoni kitu siku ya kwanza. Wengine huwashwa ngozi na kutokwa na vipele kwa siku moja au mbili. Baada ya majuma machache baadhi yao hupata homa, kikohozi, kuumwa na mwili na uchovu, na khasa hawa ni wageni ambao miili yao haijapata kuonana na mnyoo huu. Kisha katika kichocho cha mkojo huja kukojoa kwa uchungu, na damu katika mkojo, khasa mwisho wa mkojo. Katika kichocho cha tumbo huja maumivu ya tumbo, na kuhara, na damu katika choo.

Ajue msomaji kuwa madhara makubwa hayatokani na mnyoo mwenyewe, bali na mayai yake. Sehemu ya mayai hutoka nje, na sehemu hubaki yamekwama katika nyama ya mwili, na mwili huyapiga vita na kuacha kovu. Mtoto hupungukiwa damu, akadumaa, akashindwa kushika masomo yake. Mtu mzima huharibikiwa na kibofu na mirija ya figo, au ini humvimba na maji yakajaa tumboni. Na matabibu wamethibitisha kuwa kichocho cha mkojo kikikaa muda mrefu pasipo dawa chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Na liko jambo moja ambalo wanaume hawalijui, nalo ni zito. Mayai ya kichocho cha mkojo huweza kukwama katika sehemu za uzazi za mwanamke, yakamletea maumivu, na kutokwa na damu pasipo siku zake, na uchafu usio wa kawaida, na pengine kukosa mimba. Alama hizi hufanana na alama za maradhi yaletwayo na zinaa. Ni wanawake wangapi wametuhumiwa na waume zao na kuvunjiwa heshima, ilhali kosa lao ni kuteka maji na kufua nguo mtoni kwa ajili ya nyumba ile ile! Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa, na kila Mwislamu alijua hilo tangu chuoni. Basi mume atakayeziona alama hizi kwa mkewe, na ahali yake wakawa ni watu wa kutumia maji ya mto au bwawa, wajibu wake ni kumpeleka kwa tabibu kabla ya kufungua kinywa chake kwa tuhuma. Vilevile mwanamume mwenye kuona damu katika mkojo au manii yake asione haya akayaficha.

FUNGU LA NNE
Maradhi mengine ya maji matamu

Kichocho si peke yake. Yako maradhi mengine, na yafaa yatajwe kwa mukhtasari.

La kwanza ni homa ya mgunda. Vidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, na wa ng'ombe, na mbwa, na wanyama wengineo, vikaingia mwilini kwa mikwaruzo ya ngozi, na kwa macho, na pua, na mdomo. Mgonjwa hushikwa na homa ghafula, na kichwa, na maumivu ya nyama za miguu, na macho mekundu; na ikizidi, mwili huwa manjano na figo hushindwa. Katika mwezi wa Julai 2022 wizara ya afya ya Tanzania ilitangaza kuzuka kwa homa hii katika mkoa wa Lindi, na kwa hisabu ya kwanza wagonjwa walikuwa 20, na waliokufa 3. Homa hii haiangalii mtu kuwa dhaifu au hodari. Katika mwaka 2000 yalifanyika mashindano makubwa katika Sabah, kisiwani Borneo, na washindani 304 waliokuja walikuwa ni watu wa nguvu na mazoezi. Baada ya mashindano waliulizwa 189 katika wao, na 80 walikuwa wameshikwa na homa yenye alama hizi, 29 wakalazwa hospitali. Na uchunguzi ukaonyesha kuwa walioogelea katika mto Segama ndio waliokuwa khatarini zaidi. Mwenyezi Mungu akawanusuru, hakufa hata mmoja. Homa hii ina dawa, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Kwa hivyo mwenye homa amweleze tabibu kuwa aliingia katika maji.

La pili ni maradhi ya tumbo, kama kuhara, na homa ya matumbo, na kipindupindu, yaingiayo kwa kumeza maji yenye kinyesi. Hata miji mikubwa ya Ulaya haikusalimika na jambo hili. Mto Seine, upitao katikati ya Paris, ulikatazwa kuogewa tangu mwaka 1923. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, baada ya fedha nyingi mno kutumika kuusafisha, mvua ilinyesha na uchafu ukaingia mtoni, hata mashindano ya wanaume yaliyokuwa yafanywe tarehe 30 Julai yakaahirishwa kwa siku moja. Watu wote wakaruhusiwa kuuogelea katika mwaka 2025, nao huzuiwa maji yanapochafuka. Funzo lake ni wazi: mvua kubwa huosha mitaa na kuutia uchafu wake mtoni, na mwenye akili haogelei baada ya mvua kubwa mpaka zipite siku kadhaa.

La tatu ni nadra sana, lakini huua karibu kila limpataye. Ni amiba akaaye katika maji matamu yenye joto. Akinywewa hadhuru kitu. Lakini maji yakipanda puani kwa nguvu, kama mtu apigapo mbizi, hufuata mishipa ya pua mpaka kwenye ubongo. Yalielezwa kwanza na matabibu wa Australia katika mwaka 1965. Nalo lawahusu Waislamu kwa njia nyingine: katika mji wa Karachi, Pakistani, tangu mwaka 2008, wamekufa watu kwa maradhi haya ambao wengi wao hawakuogelea popote, na matabibu wakaelekeza dhana kwenye maji ya bomba yasiyotiwa dawa ya kutosha, yaliyopandishwa puani wakati wa kutawadha. Kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna wala haiachwi kwa khofu ya jambo lililo nadra. Lakini mahali ambapo maradhi haya yamethibiti, maji ya puani yachemshwe kisha yapozwe, wala yasivutwe kwa nguvu.

FUNGU LA TANO
Kinga, dawa, na yapasayo

Imethibiti kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Na imepokewa pia onyo lake kali juu ya mwenye kwenda haja mahali watu watekapo maji, na njiani, na kivulini. Wasomao fiqhi huyajua haya katika mlango wa tahara, na wengi huyasoma upesi wakapita. Lau watu wa mji mmoja wangeyashika makatazo haya mawili, kila mkubwa na kila mdogo, mayai yasingefika majini, na kichocho kingekatika mjini mwao.

Basi yapasayo ni haya. Baba awafundishe wanawe kuwa bwawa si choo, wala baada ya mto kuonekana mtupu. Awaogeshe kwa maji ya kisima kilichofunikwa au ya bomba, au ya mto yaliyochotwa na kuchemshwa. Na yasipochemshwa, yakae chomboni siku mbili kamili pasipo konokono ndani yake, kwani viluwiluwi hufa kwa muda huo. Vijana wakitaka kuogelea waende baharini, ambako kichocho hakipo. Wazee wa mtaa wasimamie ujenzi wa vyoo karibu na viwanja vya michezo na mashamba ya mpunga, kwani mtu asiyepata choo atatafuta maji au kichaka. Na mwalimu wa chuo, ambaye watoto humsikiliza kuliko wote, awaeleze wanafunzi safari ya mnyoo kama awaelezavyo nguzo za udhu. Jambo hili limejaribiwa: katika Unguja na Pemba, tangu mwaka 2012, ilifanywa kazi kubwa ya kuwapa watu dawa, na kuua konokono, na kuwafundisha watoto, na walimu wa madrasa wakatiwa katika kazi hiyo. Maradhi yakapungua sana, ijapokuwa kuna mahali hurudi watu wanapolegea.

Dawa iko. Huitwa praziquantel, nayo humezwa kwa kadiri ya uzito wa mtu, na tabibu ndiye mwenye kupima. Zamani mgonjwa alichomwa sindano kwa majuma mengi, na huko Misri sindano zisizosafishwa vyema zilieneza maradhi ya ini kwa watu wengi. Leo hapana sababu ya kuogopa hayo. Lakini dawa hii huua minyoo mikubwa, wala haiui vyema ile michanga, na kwa hivyo pengine sharti irudiwe.

MASWALI NA MAJIBU

Suala: Maji ni safi, meupe, na sharia yayahukumu kuwa ni tahir. Vipi yatadhuru?
Jawabu: Tahara ni hukumu moja na usalama wa mwili ni hukumu nyingine. Maji huweza kuwa tahir yenye kutahirisha, na ndani yake mkawa na mamba. Kiluwiluwi wa kichocho ni mdogo kuliko mamba, lakini hukumu yake ni hiyo hiyo. Na sharia yenyewe imemruhusu mwenye kukhofia maji kumdhuru atayamamu kwa masharti yake.

Suala: Maji yaendayo mbio je?
Jawabu: Konokono hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole kandokando ya majani. Lakini viluwiluwi huchukuliwa na mkondo, kwa hivyo maji yaendayo si amani.

Suala: Mtu akioga mara moja tu?
Jawabu: Mara moja yatosha. Katika mwaka 1992 vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakitumikia Malawi walishikwa na kichocho kilichofika katika mishipa ya fahamu, baada ya kuogelea katika ziwa lile liitwalo Nyasa na watu wa upande wa Tanzania. Wageni wakaao Malawi walipopimwa damu, karibu thuluthi yao walionekana na alama za maradhi haya, na ziwa lile lilikuwa likisifiwa kuwa ni salama.

Suala: Akijifuta upesi kwa nguo?
Jawabu: Huenda ikapunguza, lakini si kinga ya kutegemewa, kwani dakika chache zamtosha mdudu kupenya.

Suala: Aliyekwisha kuingia afanye nini?
Jawabu: Asifadhaike. Amwendee tabibu akapimwe baada ya majuma sita au manane, kwani kabla ya hapo mayai huenda yasionekane. Lakini akipata homa kabla ya muda huo, aende mara moja.

Suala: Aliyetibiwa huwa amekingwa?
Jawabu: La. Dawa huondoa ya jana, haikingi ya kesho. Akirudi majini atapata tena.

KHATIMA

Mwili ni amana, na watoto ni amana kubwa zaidi. Mnyoo huu umekaa na wanadamu tangu zama za Mafirauni kwa sababu mbili tu: ujinga wa njia yake, na uvivu wa kuacha tabia mbaya. Ujinga umekwisha kuondolewa, kwani njia yake yajulikana tangu mwaka 1915, na dawa yake yapatikana. Umebaki uvivu, na huo hauna dawa ya hospitali. Dawa yake ni mtu kumkataza mwanawe leo, kabla ya jua la adhuhuri, asende bwawani, na kumwonyesha mahali pema pa kuchezea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake hutakwa taufiki.